Bei ya Siri

Maiti haikuwa ya Fanuel Nnko.

Angel aliitazama kwa muda mrefu, mkono mmoja mdomoni na mwingine umeshika ukingo wa meza. Mhudumu wa mochwari alisubiri na shuka mkononi, macho yake yakiwa dirishani.

"Si yeye," Angel alisema mwishowe. "Fanuel ana kovu hapa." Akagusa nyusi yake mwenyewe. "Huyu hana. Huyu ni mtoto wa watu tu."

Inspekta Kandida Temu akamwashiria mhudumu afunike. Ilikuwa mara ya pili kumleta mwanamke huyu hapa. Masika yalikuwa yamejaza kila mto unaoshuka kutoka Mlima Meru, na mito ilikuwa ikitoa watu ambao hakuna aliyejua walikotumbukia.

Wakatoka nje wakakaa kwenye benchi chini ya ukingo wa bati. Mvua ilikuwa ya kunyunyiza, ile isiyoondoka. Kandida alivua kiatu kimoja, akakung'uta tope, akakivaa tena kikiwa bado kimelowa.

"Nieleze tena," akasema.

"Nimeshakueleza, afande."

"Najua. Nieleze tena."

Angel akaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mumewe alikuwa dereva wa watalii. Tangu mvua zianze, kampuni ilimwambia akae nyumbani mpaka wageni warudi mwezi wa sita. Nyumba yao ya kupanga ilikuwa Usa River, nyuma ya mashamba ya maua. Hakujua kwamba Fanuel amekopa mpaka vijana wa Lucky wa Maji ya Chai walipokuja kugonga geti. Ulikuwa ule mkopo ambao watu wanauita kausha damu: unachukua kidogo, unarudisha kila wiki, na ukikosa wiki moja unaanza upya. Asubuhi moja Fanuel alisema anakwenda gereji. Hakurudi. Simu haipatikani. Siku chache baadaye vijana wale wakaja na kirikuu, wakapakia makochi, runinga, jiko la gesi na friji.

"Walisema mbele yangu, 'Mwambie mumeo tutamtoa hata kaburini.' Wamemuua, afande. Unanizungusha tu kwenye mochwari."

"Na blanketi?"

"Blanketi gani?"

"Nilipokuja kwako kitanda kilikuwa na shuka tupu. Baridi hii."

Angel alifikiri. "Lilikuwepo blanketi zito la bluu. Alipewa na mgeni mmoja wa Ujerumani. Na lenyewe wamechukua."

"Mabuti yake ya mvua?"

"Sijayaona."

Kandida akainuka. Magoti yalimpa taabu, akashika ukuta. Mtu anayetekwa njiani kwenda gereji habebi blanketi lake.

*

Lucky alikuwa kijana mnene wa sauti ya upole, ameketi katika fremu moja ya duka kando ya soko la Maji ya Chai, soda mkononi. Ukutani alikuwa ametundika leseni ya biashara ndani ya fremu ya kioo. Kandida akaisogelea na kuisoma.

"Hii ni leseni ya saluni."

"Ndiyo, afande."

"Saluni iko wapi?"

"Inakuja."

"Na mikopo?"

"Hiyo ni kusaidiana tu. Watu wana shida."

"Fanuel Nnko yuko wapi?"

Lucky akaweka soda chini. "Ningejua ningekuwa hapa? Nikwambie ukweli. Mimi mteja wangu akifa ninalia kuliko mkewe. Maiti hailipi."

"Ulisema utamtoa kaburini."

"Hayo ni maneno ya kazi, afande. Na wewe ukimkamata mwizi humwambii maneno?"

Kandida akataka kuona stoo. Ilikuwa chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kimejaa maisha ya watu wengine: magodoro, cherehani, majiko, pikipiki mbili, kitanda cha mtoto. Lucky mwenyewe alimwonyesha makochi ya Fanuel, runinga na jiko la gesi. Hakuficha kitu.

"Friji?"

"Friji gani?"

"Nyeupe. Mkewe anasema mliichukua."

"Hatukuchukua friji." Lucky alionekana kushangaa kweli. "Tulipofika ilikuwa imebaki alama sakafuni tu. Vijana wangu wakacheka, wakasema kuna wenzetu wametutangulia."

"Na blanketi la bluu?"

Hapo Lucky akaumia. "Blanketi? Tunachukua vitu, ndiyo, ndivyo mkataba unavyosema. Lakini hatumvui mtu blanketi masika haya. Tuna mama zetu."

Kandida aliegemea mlango. Kati ya Lucky na Angel mmoja alikuwa anadanganya kuhusu friji, na mtu aliyekwisha kukubali makochi, runinga na jiko hakuwa na sababu ya kuona haya kwa friji.

"Kuna mtu alikuja kumsemea Fanuel?"

"Alinipigia jamaa mmoja, sauti ya mtangazaji. Akasema yeye ndiye msimamizi wa madeni ya Fanuel, kwa hiyo nisimsumbue tena mteja wake. Nikamwambia sawa, bosi, leta pesa. Hakupiga tena."

"Pesa ilikuja?"

"Hata shilingi. Ndiyo nikapeleka vijana." Akasita. "Lakini kabla ya hapo nilimwona Fanuel akitoka kwa Bi Khatun, pale Usa River. Nikasema basi, hapa nimekwisha. Mtu akipita kwa yule mama anakuja kwako na vifungu vya sheria. Ajabu ni kwamba hakuja."

"Usisafiri, Lucky. Nitarudi kuhusu hiyo saluni."

*

Bi Khatun alikuwa amefanya kazi benki mpaka nywele zikawa nyeupe, kitengo cha mikopo, na alipostaafu kaka yake Firoz alimpa chumba nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Mlangoni paliandikwa kwa rangi ya mafuta: USHAURI WA MADENI. HAKUNA MALIPO. Ndani kulikuwa na harufu ya saruji na tangawizi.

"Shikamoo, Bi Khatun."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, umelowa. Funga mlango, na huyo paka mtoe."

Kandida hakuwa amemwona paka. Akamtoa. Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu sasa, na alipoketi alisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuipandisha:

"Nimekuja kuhusu kina Nnko."

"Wote wawili?" aliuliza Bi Khatun.

Akachukua miwani yake mezani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa. Akamimina chai.

"Wawili gani?" aliuliza Kandida.

"Nimesikia vibaya. Uzee."

Lakini masikio hayo hayo yalikuwa yamemsikia paka katikati ya mvua. Kandida aliipokea chai na kuliacha neno lile lilipoangukia.

"Fanuel amepotea. Mkewe anaamini ameuawa."

Mkono wa Bi Khatun ulitulia juu ya birika. "Masikini," akasema. "Masikini wa Mungu. Haya. Nitakwambia kinachoweza kukusaidia, na mengine utaniwia radhi. Alikuja. Nikamweleza ninavyofanya. Namwita mkopeshaji hapa, anakuja na mkataba wake, tunausoma pamoja. Riba isiyo halali tunaikata. Kinachobaki tunakipangia malipo ambayo mtu anaweza kuyabeba na bado akala. Sichukui chochote. Lakini mtu mwenye ndoa sianzi naye peke yake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu vitu wanavyoandika rehani ni vya nyumba, na nyumba ni ya wawili. Na kwa sababu nimejaribu. Mmoja anajibana kulipa huku mwenzake hajui, anaona tu nyama imepungua. Mwezi wa tatu mpango umekufa." Akasukuma bakuli la sukari. "Nikamwambia arudi na mkewe. Akaniuliza kama kuna mahali pengine pa kusaidiwa bila mke kujua."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba wapo wanaotoza, na si wote wabaya. Nikamwambia akienda kwao aulize pesa inakaa kwa nani, na kila mwezi adai stakabadhi ya mkopeshaji mwenyewe, siyo ya huyo wa katikati. Alikuwa ameshika kikadi. Tua Mzigo, Njiro. Alikuwa ananisikiliza kwa heshima, kama mtu aliyekwisha kuamua."

Kandida alimaliza chai. Mlangoni akageuka.

"Bi Khatun, watu wenye ndoa wanaokuja peke yao, ukiwaambia warudi na wenzao, wanarudi?"

"Wachache," alisema yule mama. "Ndilo linaloninyima usingizi."

*

Tua Mzigo ilikuwa nyumba ya kawaida ya Njiro iliyogeuzwa ofisi: ukuta mrefu, mlinzi, maua ya vyungu, mashine ya maji baridi. Wateja waliketi mbali mbali kama wagonjwa. Kandida hakuvaa sare. Aliketi karibu na mwanamke aliyejifunga kitenge cha kijani, akafumba macho kidogo.

"Ni mara yako ya kwanza?" mwanamke alinong'ona.

"Ndiyo."

"Usiogope. Hapa hakuna anayekuuliza mambo yako mbele ya mtu. Unaingia peke yako, unatoka peke yako." Akasogea. "Wamekupangia kwenda wapi?"

Kandida akafumbua macho. "Kwenda?"

"Mimi waliniambia niende Babati kwa dada yangu, nizime laini, wanaonidai wakinikosa watachoka wenyewe. Wao huku wanazungumza nao. Nimerudi kulipa ada tu, kesho naondoka tena."

"Nyumbani wanajua uko Babati kwa nini?"

"Nimesema dada anaumwa."

Mwenye ofisi aliitwa Frederick. Suti yake ilikuwa nzuri na sauti yake ilikuwa ile aliyoisema Lucky. Kandida alipoweka kitambulisho mezani, alikiangalia kwa adabu, akakirudisha.

"Siri ya mteja ndiyo biashara yetu, Inspekta."

"Fanuel Nnko umemficha wapi?"

"Hatufichi watu. Tunawashauri wapate nafasi ya kupumua."

"Mkewe ametoka mochwari asubuhi hii. Ni mara ya pili. Anafunuliwa wanaume waliokufa aseme kama ni wake."

Kwa mara ya kwanza Frederick alionekana mdogo kuliko suti yake.

"Yuko hai," akasema. "Jana ametuma ada."

"Kutoka wapi?"

Alisitasita, kisha akageuza simu. Pesa ilikuwa imewekwa kwa wakala, na jina la wakala lilikuwa pale pale: Naserian, Oldonyo Sambu. Upande wa pili wa mlima, barabara ya Namanga, kwenye upepo na ukungu. Kandida akalifikiria blanketi.

"Na pesa hizi, Lucky amepata ngapi?"

"Kuna utaratibu. Miezi ya mwanzo ni kufungua jalada na gharama za mazungumzo."

"Ulimpigia mara moja."

"Mazungumzo yana hatua, Inspekta."

"Ukamwambia Fanuel analipiwa?"

Frederick akaivuta simu yake karibu. Kandida akatoa simu, akampigia Sajenti Yiamat aje Njiro na gari, akasema wazi wazi mbele ya mwenyeji wake: mtu mmoja wa kupelekwa kituoni, kujipatia pesa kwa udanganyifu.

"Nina wateja wananisubiri," Frederick alisema.

"Nimewaona."

"Basi jiulize kitu." Sauti ya utangazaji ilikuwa imekwisha, hii ilikuwa sauti ya kawaida, yenye hasira. "Sikuwakamata barabarani. Msaada wa bure upo. Wasaidizi wa kisheria wapo, makanisani wapo, yule mama wa Usa River yupo. Unafikiri hawajui? Wanajua kuliko wewe. Wanawapita wote hao, wanakuja kunipa mimi hela ambayo hawana. Jiulize kwa nini."

Kandida alikuwa amechoka mno kujiuliza. Alikaa pale pale, akasubiri gari.

*

Angel alipoambiwa kwamba mumewe yu hai aliinamisha paji la uso juu ya dashibodi ya gari dogo la Kandida na hakuinuka mpaka walipovuka mji. Gari la polisi lilikuwa limekwenda Njiro. Hili lilikuwa la Kandida mwenyewe, na vifuta kioo vyake vilifanya kazi upande mmoja tu.

Baada ya Ngaramtoni nyumba zikaanza kuachana. Kandida akauliza bila kugeuza shingo:

"Friji uliiuza kwa nani?"

Angel aliinua kichwa. Alitazama mbele, kwenye kioo kisichofutwa.

"Kwa fundi mmoja Tengeru," akasema.

"Kwa sababu?"

"Mikopo ya kwenye simu. Nilianza na hela ya unga, afande, naapa. Nikasema akipata safari moja tu narudisha. Halafu nikakopa huku nilipe kule. Wakaanza kuwatumia watu meseji, namba zote zilizo kwenye simu yangu. Wakamtumia mchungaji. Wakasema anayefuata ni mume wako. Nikauza friji. Nikapanga kumwambia imeharibika, nimeipeleka kwa fundi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kabla sijasema, akapotea. Lucky alipokuja nikaona afadhali nimtwishe na hiyo."

"Ukaenda kwa Bi Khatun."

Angel akageuka kwa ghafla. "Amekwambia!"

"Amekataa kuniambia. Ndiyo nikajua."

Lori lililobeba mawe liliwapita na kuwamwagia tope, na kwa muda hapakuwa na barabara.

"Alisema nije na Fanuel," alisema Angel. "Nikaitikia. Nikatoka, nikapita njia ya nyuma nisionekane, sikurudi. Fanuel alikuwa ameshaacha kula mchana. Anasema hasikii njaa, kumbe ananiachia mimi. Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba na wewe umechimba shimo lako?"

"Sijui," alisema Kandida.

*

Naserian alikuwa na duka dogo la bati kando ya lami. Hakuhitaji kufikiri.

"Yule dereva? Anapalilia viazi kwa mzee Lemayian. Mtu mpole. Hali, hanywi, akipata hela anakuja kutuma. Nikamwambia una mke mwenye bahati."

Angel akaangalia chini.

Wakaacha gari dukani, wakapanda kwa miguu. Mlima haukuonekana kabisa. Kulikuwa na ukungu tu na upepo uliotoka ndani yake. Udongo ulikuwa mweusi, unavuta. Kiatu cha Angel kilibaki kwenye tope, akakiacha, akavua na cha pili, akaenda pekupeku.

Watu kadhaa walikuwa wameinama kwenye matuta. Mmoja alikuwa amejifunga blanketi la bluu mgongoni, fundo kifuani. Aliinua uso, akawaona, akatupa jembe na kupiga hatua mbili za kukimbia. Kisha akasimama, maana aliyekuwa akija mbele hakuwa polisi.

"Angel."

"Nimekwenda mochwari, Fanuel," Angel alisema kabla ya kumfikia. "Mara mbili. Nimefunuliwa watu."

Fanuel alitikisa kichwa kama mtu aliyepigwa. "Tua Mzigo walisema kina Lucky wakinikosa mimi hawatakugusa wewe. Miezi sita tu. Walisema nisimwambie mtu, hata wewe, kwa sababu ukijua watakubana useme."

"Wamechukua makochi. Wamechukua jiko."

"Haiwezekani. Lucky analipwa. Kila nikituma, Frederick ananijibu kwa meseji kwamba amepokea."

"Frederick ndiye aliyepokea," alisema Kandida. "Lucky hajaona hata shilingi."

Fanuel akamtazama, akamtazama mkewe, akaketi juu ya tuta la viazi vya watu. Mikono yake ilikuwa imepasuka. Aliiangalia, akaigeuza, kama vifaa alivyoazima na kuviharibu.

"Ungekwenda kwa Bi Khatun," Angel alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nilikwenda."

"Kwa nini hukurudi?"

"Alitaka nikupeleke." Akabandua tope viganjani. "Nililipa ili usijue. Nikiwa ndani ya ile ofisi mtu akaniambia mkeo hatajua kamwe, nikaona hiyo hela ni ndogo. Ningemlipa zaidi."

Angel alichutama mbele yake kwenye tope. "Na mimi alitaka nikupeleke," akasema.

Fanuel hakuelewa. Angel akalazimika kumweleza yote tangu mwanzo: unga, simu, mchungaji, friji. Kandida alisogea pembeni, lakini shamba lilikuwa wazi na upepo ulileta kila neno. Wapaliliaji wengine walikuwa wamesimama kabisa.

"Uliuza friji?" Fanuel alipaza sauti. "Friji ya mama yangu?"

"Na wewe ulijificha kama mwizi! Mimi nikaachwa na Lucky getini!"

"Ungeniambia!"

"Ungeniambia wewe!"

Waligombana hivyo kwa muda, wote wawili wakilia, mpaka maneno yakawaishia na wakabaki wakihema. Halafu Fanuel akafungua fundo la blanketi, akaanza kumfuta mkewe miguu kwa kona yake, kidole kimoja kimoja. Tope halikutoka. Aliendelea tu.

"Afande," alisema baadaye, "nimekamatwa?"

"Kupotea si kosa. Lakini nakuhitaji kesho uandike maelezo. Nenda kachukue ujira wako wa leo."

*

Asubuhi geti la Tua Mzigo lilikuwa limefungwa kwa mnyororo wa polisi. Frederick alikuwa amelala mahabusu na wakili wake alikuwa ameshapiga simu mara kadhaa. Kandida alijua hesabu ilivyo: malalamiko ya mtu mmoja yangeitwa kutoelewana kibiashara, na jioni Frederick angekuwa nje. Alihitaji watu. Watu walikuwepo, wateja waliokuta geti limefungwa, wamejaa barabarani na miavuli yao. Akaazima meza ya mlinzi na viti vya plastiki, akavipanga chini ya kibaraza cha mlinzi, nje ya geti.

Wa kwanza kumfikia alikuwa yule mwanamke wa kitenge cha kijani.

"Kumbe ni wewe," akasema. Akaufunga mwavuli wake kwa nguvu. "Nikakwambia mambo yangu kama dada. Umemfunga mtu wetu. Sasa nani atazungumza na wanaonidai? Wewe?"

"Hakuwa akizungumza nao, mama. Alikuwa anachukua hela zenu tu."

"Lakini walikuwa hawajanipata! Nilikuwa nalala!"

Sauti zikaungana naye. Mzee mmoja akauliza maelezo yanatolewa wapi. Kandida alipoonyesha meza, mzee akaangalia barabara, majirani waliosimama kwenye mageti yao, bodaboda waliosogea kusikiliza.

"Hapa? Mbele za watu? Niseme nadaiwa?"

"Unaweza kuja kituoni."

"Kituoni nako nitaonwa."

Akajifunika kofia ya koti, akaondoka. Wawili wengine wakamfuata. Kandida hakuwaita. Alikuwa ameketi, kalamu mkononi, karatasi nyeupe mbele yake.

Fanuel na Angel walifika wakati watu wakitawanyika. Walitoka kwa Bi Khatun. Walimgongea kabla hajafungua, na alikuwa amempigia Lucky mbele yao aje na mkataba wake Jumamosi. Deni halikufutika. Lingewachukua muda mrefu, Bi Khatun alisema, na friji wasiifikirie kwa sasa.

Fanuel alitazama watu wakiondoka, akatazama meza tupu. Hakuketi. Alisimama kando ya kiti, akavua kofia.

"Naitwa Fanuel Nnko," akasema. Sauti ilimkatika, akaanza upya, kwa nguvu zaidi, mpaka bodaboda wakanyamaza. "Naitwa Fanuel Nnko, dereva, nakaa Usa River. Nadaiwa. Nilimlipa Frederick anifichie aibu, nikamwacha mke wangu anatafuta maiti yangu."

Kandida akaandika. Alipomaliza na kumpa asaini, Angel akasogea mbele.

"Andika na langu. Nadaiwa na wale wa kwenye simu."

"Hilo si la kesi hii, dada."

"Najua. Wewe andika tu. Nataka lisikike."

Kandida akaandika. Alipoinua uso, mwanamke wa kitenge cha kijani alikuwa bado amesimama ukingoni mwa barabara, mgongo wake kwao. Alisimama hivyo mpaka gari lililokuwa likipiga honi likamzunguka na kupita. Kisha akageuka, akaja, akavuta kiti na kukaa.

"Mume wangu asijue," akasema.

Kandida aliiweka kalamu chini. Angeweza kumdanganya, ingekuwa rahisi, na alihitaji sahihi yake.

"Atajua," akasema.

Mwanamke alifunga mikono mapajani. Mvua ilikuwa imerudi, inagonga bati la kibaraza polepole. Nyuma yake Fanuel na mkewe hawakuondoka.

"Namelok," alisema yule mwanamke. "Andika Namelok Laizer."